Upande wa Chini wa Jani

Inspekta aliweka chungu cha maua juu ya meza ya chumba cha mahojiano, akavuta kiti, akakaa. Ubavuni mwa chungu kulikuwa na kibandiko cha polisi: kielelezo namba nne. Ndani yake mlikuwa na mmea mfupi wa majani manene, yamelala duara kuzunguka kitovu, yanang'aa utadhani yamepakwa siagi. Visubi kama ishirini hivi walikuwa wamenasa juu ya majani hayo, wengine bado wanapiga mbawa.

"Unautambua?"

Mwanamke wa upande wa pili wa meza alikuwa mchoraji wa vitabu vya mimea. Alikuwa amelala usiku mmoja mahabusu na macho yake yalionyesha hivyo.

"Naufahamu sana. Ni wangu. Profesa alinipa mwaka jana."

"Kaka yake Profesa ameapa kwa maandishi kwamba huu ndio ulioibwa."

"Basi Kaka ana lake jambo, Afande. Macho yake mazima kuliko yangu na yako."

Inspekta aliifungua faili, ingawa yaliyomo alikuwa ameshayashika kichwani. Jumatatu, saa kumi na moja jioni, mwalimu wa baiolojia ambaye mtaa mzima ulimwita Profesa alikutwa na mkewe amelala sakafuni, ndani ya kibanda cha vioo kilicho nyuma ya nyumba yao. Kichwa kimepasuka kisogoni, damu kwenye kona ya chuma ya tangi la maji. Tangu hapo alikuwa hospitali, hajafumbua macho. Katika mimea mia mbili na kitu inayokula wadudu, mmoja tu haukuwepo: ule walioupa jina la Jitu. Jumamosi wataalamu wa mimea walikuwa waje kuutazama, na jina la Profesa lilikuwa limeshachapwa kwenye kadi za mwaliko. Jumatano polisi walikipata chungu hiki chumbani kwa mchoraji. Kesho saa tatu asubuhi alikuwa apandishwe kizimbani.

"Jumatatu ulikuwepo kule kibandani?"

"Nilikuwepo. Niko kule kila siku baada ya chakula cha mchana, nachora. Nikaondoka saa nane. Nikamwacha mzima, anapiga mluzi."

"Nani alikuona ukiondoka?"

"Hakuna." Alisogeza kiti mbele. "Afande, mimi sijui sheria. Lakini mmea naujua. Huo uliouweka hapo ni jani-mafuta la kawaida. Profesa anayo kumi na mawili ya namna hiyo. Jitu ni ndugu yake. Ukiwaweka pamoja kabla hawajatoa maua, na Jitu bado mchanga, hata wewe ungesema pacha. Rangi moja, unene mmoja."

"Sasa wewe unawatofautishaje?"

"Geuza jani."

"Niligeuze?"

"Jani-mafuta la kawaida lina gundi juu tu. Chini ni kavu, laini kama ngozi ya sikio. Jitu lina gundi juu na chini. Mdudu akipita chini ya jani amekwisha vilevile. Nimekaa wiki tatu nikichora vile vinywele vya chini kimoja kimoja. Geuza, uone."

Inspekta alitoa kioo cha kukuzia mfukoni, akainua jani kwa ncha ya kalamu. Chini palikuwa pakavu. Hapakuwa na tone wala kisubi hata mmoja.

Alifunga faili akasimama.

"Kwa hiyo naachiwa?" mchoraji aliuliza.

"Hayo umesema wewe, na wewe ndiye mshukiwa. Nikiyasikia kwa mtu mwingine nitarudi."

*

Mke wa Profesa alikuwa fundi wa nguo, na siku hiyo alikuwa na futi kamba shingoni kana kwamba ametoka dukani mbio. Aliwafungulia Inspekta na sajenti wake mlango wa kibanda cha vioo bila kuwakaribisha. Ndani mlikuwa na joto la unyevu, na vyungu vimepangwa kwenye meza ndefu za mbao, kila kimoja kimesimama kwenye trei yenye maji. Sajenti, mtu mzima mwenye kitambi na miaka ishirini na sita kazini, alijipitisha katikati ya meza akiwa ameibana mikono yake kifuani.

"Usiogope, baba," mwanamke akamwambia. "Wanakula nzi."

"Mimi namwogopa mwenye nyumba, mama. Nikivunja chungu hapa nitalipia kwa sare yangu."

Inspekta aliuliza maswali ambayo alikuwa ameshayauliza juzi, kwa sababu majibu ya mara ya pili mara nyingi huwa na nyongeza. Jumatatu mama huyu alikuwa dukani tangu asubuhi, anawapima wasimamizi wanne wa harusi. Wote wanne walikuwa wamethibitisha. Alirudi saa kumi na moja, akamkuta mumewe chini.

"Na ukajua papo hapo ni mchoraji?"

"Nani mwingine? Miezi minane, Afande. Miezi minane mwanamke yuko humu na mume wangu. Mimi nikimwita chakula kimepoa, ananijibu, 'Subiri kidogo.' Yeye akikohoa tu kaletewa maji." Alikata jicho kuelekea kiti kidogo kilichokuwa kwenye kona. "Kile kiti alimtengenezea mwenyewe. Mimi naomba rafu ya jikoni mwaka wa tatu huu."

Sajenti alikuwa ameinama kwenye ndoo ya takataka. Aliinuka na vipande vya karatasi nzito, akavipanga mezani. Vilipokaa sawa ilionekana mikono ya mwanamume, imechorwa kwa penseli kwa makini sana. Mkono mmoja umeshika kioo cha kukuzia, mwingine unainua jani.

"Hii imechanwa na nani?" Inspekta aliuliza.

"Mimi."

"Lini?"

"Jumapili. Siku moja kabla." Mwanamke hakutazama pembeni. "Majani achore, sawa, ndiyo kazi yake. Mikono ya mume wangu nani kamruhusu kuichora? Ameikodolea macho muda gani mpaka akaijua kucha kwa kucha?"

Sajenti alimtazama bosi wake. Mke mwenye wivu, picha iliyochanwa siku moja kabla: kwa askari wengi hapo safari ingekuwa imefika. Lakini wasimamizi wanne wa harusi hawakuwa wakimbebea mtu uongo. Na zaidi ya hapo, Inspekta hakuwa akiitazama picha. Alikuwa akilitazama jani lililochorwa. Mchoraji alikuwa ameuonyesha upande wake wa chini, na upande huo ulikuwa umejaa vinywele vyenye vitone kwenye ncha. Chini ya picha palikuwa na tarehe ya miezi miwili iliyopita, na neno moja: *Jitu*.

"Mumeo ana daftari la mimea?"

Daftari lilikuwa kwenye droo. Mwandiko wa Profesa ulikuwa mdogo na ulionyooka. Inspekta alisoma amesimama, mpaka alipofika kwenye ukurasa alioutaka. *Jitu. Gundi pande zote mbili. Huyu hahitaji ua ili ajulikane, geuza jani.* Kisha akazunguka meza nzima na kioo chake. Sajenti akiinua majani kwa kijiti cha kibiriti, yeye akikagua: majani-mafuta ya kawaida kumi na mawili, na yote kumi na mawili makavu chini.

"Mama, nani mwingine anaijua siri hii ya kugeuza jani?"

"Siri gani? Humu ndani hata paka anaijua. Kaka yake ndiye aliyemfundisha."

"Kaka yake yule mfamasia?"

"Huyohuyo. Yeye ndiye aliyeanza kufuga vidubwasha hivi. Mume wangu alikuwa akimbebea maji tu." Alikunja futi kamba yake taratibu kwenye vidole. "Siku hizi hata haji. Zikiletwa habari za Profesa, anakumbuka ana wagonjwa dukani."

Inspekta alimwomba vyungu vitatu na magazeti ya zamani.

*

Duka la dawa la mfamasia lilikuwa safi kiasi cha kumfanya mtu afute viatu mara mbili. Mwenye duka alikuwa mrefu, koti jeupe lililopigwa pasi, kalamu tatu mfukoni. Aliwapeleka kwenye chumba cha nyuma, ambako Sajenti alitua kreti ya soda mezani. Ndani ya kreti mlikuwa na vyungu vinne, vyote vimezungushiwa gazeti mpaka shingoni.

"Tunasumbuka, Kaka," Inspekta alisema. "Kuna mimea ya mdogo wako imepoteza vibao vya majina. Tumeambiwa hapa mjini Profesa peke yake ndiye anayeweza kuipambanua, na yeye hawezi kusema. Nikaona si vibaya kukujaribu na wewe."

"Kunijaribu na mimi?" Mfamasia alivua miwani akaifuta kwa pindo la koti. "Nani kakwambia maneno hayo?"

"Watu."

"Watu!" Alivaa miwani, akavuta kreti kwake. "Afande, mdogo wangu hakuwa anajua jani wala mzizi. Alikuwa na miaka tisa. Mimi ndiye niliyempa mmea wake wa kwanza, nikamwonyesha jinsi ya kumwagia maji kwenye trei, si juu ya majani. Leo nasoma kwenye kadi kwamba yeye ni 'mlezi wa kwanza.' Wa kwanza! Haya, tuone."

Alikitoa chungu cha kwanza na cha pili, vyote vina maua ya zambarau. "Hawa wanachanganywa na kila mtu. Tazama nyuma ya ua, huu mkia mwembamba. Wa huyu ni mrefu kuliko ua lenyewe, umenyooka. Wa huyu mfupi, umepinda. Ndugu, lakini si mmoja." Akaenda kwenye cha tatu. "Huyu sasa hivi ana majani mafupi, yamejibana kama kitunguu. Wakati wa ukame hujikunja hivi, wala hashiki wadudu. Mvua zikianza atatoa majani mapana, na mjinga atasema ni mmea mwingine. Mdogo wangu alifanya kosa hilo. Muulize."

"Akiamka nitamuuliza. Na huyu wa nne?"

Mfamasia aliinama juu ya chungu cha nne, na kidole gumba chake kikaenda chini ya jani chenyewe, bila kuambiwa.

"Jani-mafuta la kawaida."

"Una hakika? Mimi nilidhani ndiye Jitu."

"Ndiyo maana wewe ni polisi." Alicheka kidogo. "Geuza jani, Afande. Pitisha kidole. Kukavu, sivyo? Jitu angenata pande zote mbili. Mtoto mdogo angejua."

"Mtoto mdogo angejua," Inspekta alirudia. Aliushika ukingo wa gazeti, akaliondoa polepole. Kibandiko cha polisi kilijitokeza: kielelezo namba nne.

Sajenti alisogea akasimama mlangoni. Mfamasia alikitazama kibandiko muda mrefu, kana kwamba alikuwa akisoma maandishi ya daktari yasiyosomeka.

"Jumatano uliletewa chungu hiki kituoni," Inspekta alisema. "Ulikitazama kwa hatua tatu, ukasema, 'Ndicho chenyewe,' ukatia sahihi. Hukugeuza jani. Leo nimekuficha kibandiko tu, ukaligeuza kabla sijamaliza kuuliza. Huna lazima ya kunijibu. Ukinijibu, nitaandika."

Kwenye dirisha la chumba hicho palikuwa na trei ndefu imefunikwa kitambaa chepesi chenye unyevu. Inspekta alimwomba ruhusa ya kukifunua, na mfamasia akatikisa kichwa kwa namna isiyoeleweka kama ni ndiyo au hapana. Sajenti alitoa hati ya upekuzi mfukoni, akaiweka mezani. Kitambaa kikafunuliwa. Vyungu vitano, vitano vyote na kibao cha jani-mafuta la kawaida.

Inspekta alipitisha kidole chini ya jani la chungu cha kwanza. Kukavu. Cha pili, kukavu. Cha tatu kidole kilinata. Alipokivuta, uzi mwembamba wa gundi ulivutika kati ya ngozi yake na jani, na chini ya jani kisubi mmoja mweusi alikuwa ameng'ang'ania, miguu juu.

"Ungeutupa," Sajenti alisema, kwa sauti ya mtu anayeshangaa kweli. "Siku nne zote, mzee. Ungeutupa tu jaani, nani angejua?"

"Niutupe?" Mfamasia alimgeukia kwa hasira. "Mmea kama ule?"

Kisha akakaa juu ya katoni ya dawa.

"Nilitaka jani moja," alisema. "Jani moja, Afande! Ukilichomoa mpaka kwenye shina lake, ukalilaza juu ya mchanga wenye unyevu, baada ya wiki chache linatoa watoto. Asingepungukiwa. Akaniambia nisubiri mpaka wageni wapite. Mimi nisubiri! Halafu akacheka, akasema, 'Kaka, na wewe utaandikiwa kadi.' Nikakishika chungu. Naye akakishika. Nikamsukuma."

"Akaangukia tangi."

"Nilisikia mlio."

"Saa ngapi?"

"Saa tisa. Saa tisa na nusu."

"Mkewe alimkuta saa kumi na moja. Ulikuwa na mikono miwili na duka zima la dawa, umbali wa dakika kumi. Ukabeba chungu."

Mfamasia alitazama viganja vyake.

"Na mchoraji?" Inspekta aliuliza.

"Sikumtaja mimi. Shemeji ndiye aliyepiga kelele jina lake mtaa mzima. Mimi nilikaa kimya tu."

"Jumatano hukukaa kimya. Jumatano ulitia sahihi."

*

Simu ya hospitali iliwakuta bado hawajamaliza kuandika maelezo. Profesa alikuwa amefumbua macho saa nane na anaongea.

Inspekta alimkuta kitandani, kichwa kimefungwa bendeji mpaka kwenye nyusi. Mkewe alikuwa amekaa ubavuni, amemshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Daktari alitoa dakika kumi. Inspekta alifungua daftari.

"Ni nini kilitokea Jumatatu, Mwalimu?"

"Niliteleza." Sauti ilikuwa kavu lakini haikusita. "Sakafu ilikuwa na maji. Nikaangukia tangi."

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

Inspekta aliandika neno kwa neno, kisha akafungua ukurasa mwingine. "Naomba nikusomee kitu. Ni maelezo ya kaka yako, ameyatoa leo kwa hiari yake." Akasoma. Alisoma jani moja, kadi, msukumo, mlio. Profesa alisikiliza amefumba macho, na Inspekta alipofika mwisho machozi yalikuwa yameingia kwenye bendeji.

"Niliteleza," alisema tena. "Andika hivyo. Kaka yangu ni mtu wa maneno mengi. Hakunigusa."

Mkewe aliguna, karibu acheke. Inspekta alikuwa amemwona akilia, akifoka na akinyamaza, lakini sura hii hakuwa ameiona bado. Ilikuwa sura ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Miaka kumi na tisa," mwanamke alisema, akimpapasa mumewe mkono. "Miaka kumi na tisa nahesabu wanawake. Kumbe mwenzangu alikuwa Kaka. Anakupasua kichwa, na bado unamfichia! Haya, mfichie, baba. Huyo namweza."

Inspekta alifikiria kuondoka. Maelezo ya mshukiwa alikuwa nayo, mmea alikuwa nao. Lakini majeruhi mwenyewe akisema aliteleza, wakili yeyote angeibeba kesi hiyo mkononi kama mtoto. Na karatasi za mashtaka ya mchoraji bado zilikuwa mezani kwa hakimu, zikisubiri saa tatu ya kesho.

"Sawa, Mwalimu. Nitaandika uliteleza. Ila naomba ujue kwamba kaka yako aliapa dhidi ya mtu mwingine. Mchoraji wako yuko mahabusu tangu jana. Kesho anapandishwa kizimbani kwa kukujeruhi."

Profesa alifumbua macho. Alijaribu kuinuka, maumivu yakamrudisha kwenye mto.

"Nani yuko mahabusu?"

"Mchoraji."

"Amelala huko? Amelala sakafuni?"

"Usiku mmoja."

"Futa," Profesa alisema. "Futa hiyo uliyoandika. Andika upya. Alikuja saa tisa. Kaka yangu. Akanisukuma kwa mikono yote miwili, hapa kifuani. Niliona uso wake. Yule dada alikuwa ameshaondoka, alikuwa ameondoka zamani. Andika, Afande, upesi, wamfungulie leo."

Kalamu ya Inspekta ilikwenda mbio. Hakufuta, maana maelezo hayafutwi. Alipiga mstari mmoja juu ya yale ya kwanza, akaweka saa, akaanza upya chini yake. Alipoinua macho, mikono ya mke wa Profesa ilikuwa mapajani mwake mwenyewe, na mkono wa mumewe ulikuwa peke yake juu ya shuka.

Inspekta hakuwa na swali ambalo sheria ingemruhusu kuliuliza.

"Naomba sahihi," alisema.

Alimpa Profesa kalamu. Vidole havikuwa na nguvu. Kalamu ilianguka kifuani, ikabingirika mpaka ukingoni mwa kitanda. Alijaribu tena, ikaanguka tena. Alimtazama mkewe.

Mwanamke alikunjua futi kamba iliyokuwa shingoni mwake, akaikunja upya, akaitia kwenye mkoba. Kisha akainama akaokota kalamu, akaiweka katikati ya vidole vya mumewe, akavifunika kwa vyake. Aliupeleka mkono huo kwenye mstari, herufi baada ya herufi, mpaka jina likakamilika.

"Peleka," alimwambia Inspekta, bila kuinua uso. "Usimcheleweshe mchoraji wake."